Vitone Vyeupe Nilivyovifuta kwa Petroli

Nina miaka hamsini na tatu, nina mke mmoja na watoto wanne, na mpaka msimu wa ngano uliopita ningekuapia kwamba hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Hakuna! Nilikuwa nikiwaambia watu hivyo hivyo hotelini, huku nimeshika kikombe cha chai: mimi nimeona yote, niulizeni mimi.

Wala sikuwa najisifu bure. Niliacha shule darasa la sita. Nilisukuma mkokoteni wa viazi pale sokoni Nakuru mpaka mabega yakaota sugu. Nikawa turniboi, yaani utingo wa lori, nikawa dereva, nikanunua trekta iliyokuwa imelala kwenye nyasi miaka miwili, nikaifufua kwa mikono hii hii. Wenzangu wa darasani walioendelea na masomo, wengine wao leo hunipigia simu kuniomba nauli... Mimi, mtu wa darasa la sita!

Halafu, miaka saba iliyopita, nikanunua kombaini.

Kama hujaiona kombaini ikivuna, basi hujui raha ya kuwa na mali. Inaingia kwenye ngano kama nyumba inayotembea. Mbele inakata, tumboni inapura na kupepeta, ngano inajaa kwenye tangi ikiwa safi, makapi yanamwagwa nyuma. Watu wanasimama kando ya shamba kuangalia. Na wakiuliza ni ya nani, wanaonyeshwa mimi.

Ilikuwa kuukuu, lakini ilikuwa yangu. Yangu na ya benki, niseme ukweli. Niliweka hati ya shamba letu la Bahati, eka tatu na nyumba ya mawe, ndipo nikapewa mkopo. Siku ya kutia sahihi, mke wangu, Mama Wangui, aliuliza swali moja tu: na ikiharibika?

Nikamcheka mbele ya yule kijana wa benki! Nikamwambia mimi ndiye nitakayeitunza, na mkono wangu haujawahi kushindwa na chuma.

Opereta wangu aliitwa Rotich. Mtu wa upande wa Mau Narok, umri wake kama miaka arobaini, mpole, haongei sana. Nilimlipa kwa eka, kama tunavyowalipa wote katika kazi hii: ukivuna eka nyingi unapata nyingi, mashine ikilala huna chako. Na nilikuwa na sheria moja, ambayo kila aliyewahi kunifanyia kazi anaijua. Opereta ni wa kuendesha. Spana ni zangu, na bomba la grisi ni langu. Zilikaa kwenye sanduku la chuma nyuma ya pikapu yangu, zimefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye mnyororo wa suruali yangu. Hata mtungi wa kuzimia moto niliufungia humo humo, kwa sababu niliambiwa maopereta huuza mitungi hiyo.

Unaniuliza kwa nini? Kwa sababu niliogopa. Opereta akijua kutengeneza mashine, atakuhitaji wewe kwa nini? Kesho ataenda kwa tajiri mwingine, ama atanunua yake, awe mshindani wako. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiambiana sisi wenye mashine, na mimi nilikuwa wa kwanza kuyasema. Grisi nilitia mwenyewe, nikikumbuka. Mara mbili kwa msimu, mara tatu...

Miaka mitatu ya kwanza kombaini ile ilinitoa jasho. Leo mkanda umekatika, kesho beringi imekufa, keshokutwa rejeta imeziba kwa makapi, injini inachemka. Ngano ya watu inangoja, mawingu yanakusanyika, nami niko chini ya mashine natukana. Rotich alikuwa akikaa kando kwenye gunia, mikono mapajani, akiniangalia. Siku moja aliniambia kwa upole, "Mzee, ungenifundisha hii kitu ya grisi, ningekuwa naifanya asubuhi kabla umande haujakauka. Huo wakati huwa nimekaa tu bure."

Nikamjibu, "Ukitaka kufundishwa, rudi shule."

Watu wakacheka. Yeye pia alicheka kidogo, akainamisha kichwa. Sasa hivi ninapoandika, kicheko kile kinanichoma hapa kifuani.

Miaka minne iliyopita nikapigiwa simu na watu wa duka kubwa la mashine hapa Nakuru. Walikuwa na semina ya siku tatu, bure kabisa, ya kufundisha maopereta wafanye matunzo ya kila siku wao wenyewe: kutia grisi, kusafisha makapi, kukaza mikanda, kusikiliza beringi. Kila mwenye kombaini alitakiwa amlete opereta wake mmoja. Chakula kipo, na mwisho kuna cheti.

Cheti!

Jamani, mimi sijawahi kupata cheti maishani mwangu. Ukienda kwa watu waliosoma unakuta vimepangwa ukutani, kimoja baada ya kingine. Kwangu kulikuwa na picha ya harusi na kalenda. Nilikaa na neno hilo usiku mzima... cheti.

Rotich alikuwa amesikia habari ya semina kutoka kwa maopereta wenzake. Alifua ovaroli yake na kuianika uani kwangu. Aliniuliza tuondoke saa ngapi. Nikamwangalia machoni, nikamwambia nafasi zimejaa.

Nilimdanganya. Nafasi ilikuwepo, nami ndiye niliyeichukua.

Mwalimu alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, amevaa ovaroli safi, kalamu kwenye nywele. Akapita akituandika majina. Alipofika kwangu akaangalia suti yangu, akauliza, "Mzee, opereta wako yuko wapi?"

Nikasema, "Opereta ni mimi, mwenye mashine ni mimi, na fundi ni mimi. Endelea kuandika."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Nilijiona simba.

Lakini nisikufiche kitu. Siku ya kwanza niliketi mbele, na baada ya saa moja nikawa nimepotea. Picha ukutani, maneno ya Kiingereza, mishale huku na kule. Maopereta wadogo kwangu walikuwa wakiinua mikono na kujibu. Mimi niliona aibu kuuliza. Siku ya pili nikahamia nyuma. Siku ya tatu nilikuwa nje kwenye simu karibu mchana wote, nikaingia wakati wa kula kuku. Jioni nikaitwa jina, nikapigiwa makofi, nikapewa cheti pamoja na kijitabu chenye picha za mashine.

Cheti nilikitia kwenye fremu ya dhahabu, nikakitundika juu ya televisheni. Kijitabu nilikitupa ndani ya kibanda cha dereva wa kombaini, chini ya kiti kilichokuwa kikiyumba, kiwe kabari.

Na hapa ndipo muujiza ulipoanza. Kuanzia msimu ule, kombaini yangu haikukataa kazi tena! Ikavuna Mau Narok, ikavuna Njoro, ikashuka mpaka Ndabibi, bila kulala hata siku moja shambani. Wenzangu walikuwa wakihangaika na mikanda, mimi napita nikiwapungia mkono. Wakaniuliza siri ni nini. Nikawaambia, njooni nyumbani muone kilichotundikwa ukutani.

Niliamini, wapenzi wasomaji. Naapa niliamini! Nilifikiri zile siku tatu ziliniingia mwilini hata bila kusikiliza. Nilifikiri nikiizunguka tu ile mashine mara moja kwa wiki na kuipigapiga ubavuni, inanitii.

Miaka minne ikapita hivyo. Mkopo ukapungua. Ulibaki msimu mmoja, mmoja tu, nirudishiwe hati yangu ya Bahati.

Msimu huo, tukiwa Mau Narok, niliona kitu ambacho nadhani nilikuwa nikikiona siku zote bila kukiangalia. Vitone vya rangi nyeupe. Kimoja hapa kando ya beringi, viwili pale chini ya mkanda, kimoja tena kule nyuma. Vidogo kama kucha ya kidole cha mwisho, vimepakwa kwa uangalifu mashine nzima.

Nikamweleza rafiki yangu Kariuki, anayeuza vipuri vya trekta mjini. Akaacha kutafuna. Akaniambia, "Wewe umelala. Hizo ni alama. Mtu anaweka rangi kwa kile kitu amepata mnunuzi. Siku moja utaamka upate kombaini ni ganda, kama yai."

Damu ilinipanda kichwani. Sikuuliza zaidi. Kwani mimi ni wa kuuliza?

Asubuhi iliyofuata niliwahi shambani kabla jua halijatoka vizuri. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ngano. Nikaacha pikapu mbali, nikaenda kwa miguu. Nikakuta miguu miwili imetokeza chini ya kombaini yangu.

Nikaivuta ile miguu! Rotich akatoka, uso umejaa mafuta, mkononi ameshika bomba la grisi. Si langu... kuukuu, limefungwa kwa waya. Kando yake kulikuwa na mfuko wa sisali, ndani kopo la grisi jipya, brashi ndogo, na kikebe cha rangi nyeupe.

"Umeuza nini?" nikamuuliza.

"Mzee, natia grisi."

"Grisi ya nani? Mimi nimenunua grisi lini?"

"Ni yangu, mzee. Nilinunua."

"Nani hununulia mashine ya mtu mwingine grisi kwa pesa yake? Wewe ni malaika?"

Akajaribu kueleza. Alisema mashine ikilala yeye halipwi, na watoto wake hawajui maneno ya beringi. Alisema vile vitone ni vya kumkumbusha. Hakumaliza. Nilikuwa nimeshapaza sauti, wapakiaji magunia wameshakusanyika, na mbele ya watu mimi sirudi nyuma. Nikamwita mwizi. Mtu aliyeniendeshea mashine miaka saba, nikamwita mwizi mara tatu, nikamnyang'anya mfuko, nikamwambia aondoke kwa miguu.

Unajua alifanya nini? Alijifuta mikono kwa majani ya ngano, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akasema, "Mzee, ile beringi ya kushoto nyuma sijaifikia leo. Usiisahau."

Nikaona ananitisha! Nikaona ni kiburi cha mwizi!

Nikachukua kitambaa na petroli, nikavifuta vile vitone kimoja kimoja, kwa mkono wangu mwenyewe. Vingine vilikuwa vigumu, nikavikwangua kwa kisu. Nilifanya kazi hiyo mpaka saa nne nikitoka jasho, na nilipomaliza niliona nimeokoa mali yangu.

Nikamwajiri dereva wa trekta kutoka Nakuru, Muturi, mtu mzima, mchangamfu. Hakuwahi kuendesha kombaini ila siku mbili tatu. Nilimpa sheria yangu: wewe ni wa kuendesha, usiguse kitu. Akasema sawa, boss. Tukamaliza Mau Narok, tukashuka Ndabibi kwa Mama Njoki, mjane mwenye shamba kubwa la ngano, ambaye nilimwahidi siku nne.

Siku ya tatu dizeli ikapungua. Nikachukua pikapu kwenda Naivasha mjini. Na kwa kuwa sanduku lilikuwa kwenye pikapu, spana zikaenda nami, bomba la grisi likaenda nami... na mtungi wa moto ukaenda nami.

Nilinunua dizeli, kisha nikaketi hotelini kidogo. Nilikutana na watu wanaonijua, nyama ikaagizwa, nami nikawa nawasimulia jinsi mashine yangu haijalala miaka minne. Simu ikalia.

Muturi alikuwa anapiga kelele ili nimsikie. "Boss, kuna kitu inalia huku nyuma, mkono wa kushoto. Inalia kama panya."

Nikaweka simu isikike na wote. "Kama ni panya mpe ngano ale! Si umezungukwa na ngano?"

Meza nzima ikacheka. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka machozi.

Baada ya dakika kumi hivi akapiga tena. "Boss, panya imenyamaza. Lakini sasa kuna harufu. Nizime niangalie?"

Nikamuuliza, wewe ni opereta ama fundi? Nikamuuliza kama haoni wingu la mvua juu ya mlima Eburru. Nikamwambia mashine yangu haizimwi kabla ya saa kumi na mbili, na akiizima aendelee kutembea mpaka Nakuru.

Akasema, "Sawa, boss."

Sawa, boss... Maneno mawili hayo, wasomaji, ndiyo ninayoyasikia kila ninapofumba macho.

Simu ya tatu haikuwa ya Muturi. Alikuwa Mama Njoki mwenyewe, na hakuwa anaongea na mimi. Alikuwa analia na kuita majina ya wafanyakazi wake. Nyuma yake nilisikia mlio kama mvua kubwa ikipiga mabati. Nikajiambia, afadhali, mvua imewafikia. Haikuwa mvua.

Sijui nilifikaje kwenye pikapu. Niliendesha nikilizunguka ziwa. Nilipoona moshi mbele yangu, nilijifariji. Nikajiambia ule ni mvuke wa visima vya umeme vya Olkaria, si kila siku tunauona? Lakini Olkaria ilikuwa mkono wangu wa kushoto, na mvuke wake ni mweupe. Huu ulikuwa mbele, na ulikuwa mweusi.

Nyuma yangu, ndani ya sanduku, mtungi wa moto ulikuwa ukigongagonga chuma kila tulipopita shimo. Ko. Ko. Ko. Nilikuwa na kila kitu ambacho kingeizuia hali ile, nimekibeba mwenyewe, nimekifungia mwenyewe... na niko mbali! Nifanye nini? Niruke? Nipige kelele dirishani? Nilibonyeza mafuta mpaka sakafuni na bado lori la maua lilikuwa mbele yangu, halinipishi.

Nilipofika, nilichomoa ufunguo, ukaanguka kwenye majivu. Nikauokota. Nikafungua. Nikakimbia na ule mtungi mdogo kuelekea moto ulioenea kama uwanja wa mpira. Mpakiaji mmoja alinishika ukosi wa shati akaniangusha chini. "Mzee, hiyo ni ya kuzima jiko," akaniambia. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ananihurumia, na hilo ndilo lililouma.

Wafanyakazi walipiga moto kwa matawi. Trekta ya Mama Njoki ililima mstari kuukata usifike kwenye ngano iliyobaki na nyumba. Muturi alikuwa ameruka mapema, nyusi zimeungua, mzima, Mungu asifiwe. Mimi niliketi chini nikaangalia. Tairi zilipasuka moja baada ya nyingine. Vioo vikadondoka. Nilitazama mali yangu yote ikiungua na sikuwa na la kufanya hata moja, mimi ambaye hakuna chuma kilichowahi kunishinda.

Bima? Sikuwa nayo. Bima niliita mchango wa waoga.

Siku ya pili nikamleta fundi kutoka Nakuru, mzee anayeheshimiwa na wote. Alizunguka mabaki. Upande wa nyuma kushoto akatoa kipande cha chuma kilicholika kama sukari. Akaniambia hii ndiyo beringi iliyowasha moto. Ilikauka, ikachemka, makapi yaliyorundikana yakashika. Ilitaka grisi kidogo kila asubuhi. Kazi ya dakika moja.

Kisha akaenda mbele, ambako moto haukufika sana. Akakwangua tope kwa kidole gumba, akasimama. Nilikuwa nimekisahau kimoja. Kitone cheupe.

"Nani alikuwa anatunza hii mashine?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe?" Akanielekezea kile kitone kwa kidole. "Basi niambie hiki ni nini."

Sikujua. Mimi mwenye cheti, sikujua! Akanieleza polepole kama anayemweleza mtoto. Kitone kimoja, grisi kila siku. Vitone viwili, kila wiki. Maopereta waliofunzwa huweka hivyo ili hata mgeni akipanda mashine asikose mahali. Akasema hata kwenye ile semina ya Nakuru wanafundisha, siku ya tatu mchana.

Siku ya tatu mchana, mimi nilikuwa nje na simu.

Nilikaa wiki mbili bila kutoka nyumbani. Mama Wangui hakunisema. Afadhali angenisema! Alikuwa akinipakulia chakula na kukiondoa kikiwa vile vile. Benki ilipotuma watu kupima shamba, alienda mwenyewe kuwaonyesha mipaka.

Mwishowe nikashusha kile cheti ukutani, nikakifunga kwa gazeti, nikaenda kwa Rotich.

Nilimkuta kwake, amerudi kutoka kazini kwa mapumziko. Mke wake alinikaribisha kwa chai ya maziwa kama mgeni wa heshima. Hakuna aliyeniuliza kitu. Rotich aliniambia yuko kwenye shamba fulani kule juu, na tajiri wake mpya amempeleka semina, na sasa yeye ndiye anayewafundisha maopereta wengine wanne. Alisema bila majivuno yoyote. Mimi ningekuwa nimeshaita majirani!

Nikafungua gazeti, nikamnyooshea cheti. Nikasema, "Hiki ni chako."

Akakishika kwa mikono miwili, akasoma. Akanirudishia. "Lakini kimeandikwa jina lako, mzee."

Akaingia ndani, akatoka na kitu. Kilikuwa kimevalishwa jalada la karatasi ya kaki, kama kitabu cha mtoto wa shule. Kilikuwa kile kijitabu changu... kile nilichokitia chini ya kiti kiwe kabari. Mke wake aliyemaliza kidato cha nne ndiye aliyemsomea Kiingereza, jioni kwa jioni. Kila ukurasa ulikuwa na alama za vidole vya grisi. Na kurasa za mwisho, zile tupu, zilijaa alama za penseli, moja kwa kila siku aliyoitunza mashine yangu, misimu minne. Ya mwisho ilikuwa nusu. Aliianza, hakuimaliza. Nilikuwa nimemvuta miguu.

"Na hiki ndicho chako," akasema. "Nilikuwa nimekiazima tu."

Nililia, wasomaji. Mbele ya mtu niliyemwita mwizi, nililia kama niliyefiwa. Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe siku ile ile, njiani, kabla hajafika barabarani. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema anachofanya. Akashangaa kweli. Akasema, "Mzee, wewe ulikuwa unaambika?"

Nikamwomba arudi tuanze tena. Akatazama chini. "Turudie nini, mzee? Mashine haipo."

Ndugu yangu unayesoma hapa, wewe mwenye kombaini, ama kinu cha posho, ama mashine ya kukata mbao, ama hata pampu moja ya maji: mwachie anayekaa nayo aijue. Mpe spana. Mpe grisi. Wakiita semina, mpeleke yeye, na ukienda wewe basi sikiliza mpaka mwisho. Akikupigia simu akwambie kuna kitu kinalia, mwambie azime! Usicheke. Nakuomba, usicheke. Mimi nilifikiri nikimfundisha ataondoka na mali yangu. Kumbe mali yangu ilikuwa imesimama miaka yote juu ya mikono yake.

Shamba la Bahati limeuzwa. Tunakaa nyumba ya kupanga, vyumba viwili, na ukuta wa sebule hauna kitu. Nimefanya hesabu mara nyingi, na mara zote inanijia ile ile. Kombaini yenyewe. Ngano ya Mama Njoki. Kilichopotea tulipouza shamba la Bahati. Halafu naongeza shilingi mia nne na hamsini, bei ya lile kopo jipya la grisi nililomnyang'anya Rotich asubuhi ile, ambalo mpaka leo hajawahi kunidai.

Shilingi milioni tano, laki mbili, elfu kumi na sita, mia nne na hamsini.